Pakiti Yako Inapita Njia ya Nani?

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika katika eneo la pwani ya Afrika Kusini na Msumbiji. Watu wa Dar es Salaam na miji mingine mingi ya ukanda huu wakabaki wanazitazama simu zao kama mtu anavyokitazama kisima kilichokauka. Tangu wakati huo swali moja limenifikia mara nyingi, na aliyeliuliza vizuri kuliko wote ni mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo. Yeye alitaka kujua hivi: anapopeleka mzigo Mwanza na akasikia daraja limevunjika, humpigia simu dereva na kumwambia apite njia nyingine. Sasa kwa nini hawezi kuuambia ujumbe wake nao upite njia nyingine?

Wengi wangejibu haraka kwamba jambo hilo haliwezekani katika intaneti. Linawezekana. Ruhusa ya mtumaji kujipangia njia imeandikwa katika kanuni za intaneti tangu Septemba 1981, na kwa miaka mingi ruta zilizokuwa zikiuzwa duniani zilikuwa nayo ndani ya programu zake. Imo hata leo katika ruta nyingi, ila imefungwa. Leo napenda tuzungumzie ilivyowekwa, ilivyoachwa wazi na ilivyokuja kufungwa, kwa sababu kisa hicho kinahusu fedha za kila ofisi, shule na hoteli inayonunua ruta kwa kusoma kipeperushi cha muuzaji.

Tuanze na pakiti yenyewe. Unapotuma barua, picha au sauti, ujumbe wako hauendi mzimamzima. Hukatwakatwa vipande vidogo, na kila kipande, ndicho tunachokiita pakiti, huvishwa bahasha yake. Juu ya bahasha kuna anwani ya anayetuma na anwani ya anayepelekewa. Ramani hakuna. Pakiti ikifika kwenye ruta ya kwanza, ruta husoma anwani ya mpokeaji, hutazama daftari lake la njia, kisha huisukuma kwa ruta jirani ambayo daftari linasema ndiyo inayofaa. Ruta ya pili nayo hufanya hivyohivyo bila kuuliza ile ya kwanza iliwaza nini. Pakiti hufika kwa kupokezana namna hiyo, mkono kwa mkono, na aliyeituma hajui imepita wapi.

Siku ile ya Mei ruta zilijitahidi kutafuta njia nyingine zenyewe, kama zilivyoundwa kufanya. Tatizo ni kwamba mikongo kadhaa ya upande wa kaskazini, katika Bahari ya Shamu, ilikuwa imeharibika tangu Februari ya mwaka huohuo, na njia zilizobaki zilikuwa finyu kwa mzigo wote ule. Kwa hiyo hata mfanyabiashara wetu angepewa kalamu aandike njia anayoitaka, angekuta foleni huko pia. Lakini swali lake la msingi linabaki palepale: kwa nini hakupewa kalamu?

Waliotunga kanuni ya 1981 walimpa. Kanuni hiyo, waraka namba 791, ilihaririwa na Jon Postel katika taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Southern California, kwa niaba ya idara ya utafiti ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Bahasha ya kawaida ya pakiti ina urefu wa baiti 20. Wahandisi wale waliacha nafasi ya baiti nyingine 40 kwa ajili ya mambo ya hiari, na miongoni mwa hiari hizo waliweka mbili za kupanga njia. Moja ina namba 131, nyingine 137. Zote mbili humruhusu mtumaji kuandika orodha ya vituo ambavyo pakiti lazima ivipitie. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, orodha haizidi anwani tisa.

Tofauti kati ya hizo mbili wataielewa haraka wale wanaokumbuka safari za mabasi za zamani. Nikiwa mtoto, basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Musoma mara nyingi lilipitia Nairobi, kwa kuwa barabara ya katikati ya nchi ilikuwa mbovu. Fikiria basi kwamba unatuma kifurushi Musoma, na juu yake umeandika: lazima kipite Arusha na Nairobi. Katikati ya vituo hivyo dereva ana hiari yake. Apite mji gani, alale wapi, ni shauri lake. Hiyo ndiyo namba 131, njia legevu. Namba 137 ni njia kali: unamwandikia dereva kila kituo kimoja kimoja kwa mfuatano, na akikuta kituo kinachofuata hakipo jirani, safari imekwisha na kifurushi hakifiki.

Ile legevu ndiyo iliyopata wateja, hasa mafundi. Fundi wa mitandao ana shida moja ya kudumu: akiwa ofisini kwake anaweza kuona njia ambayo pakiti zake huendea, lakini njia za watu wengine hazioni, wala zile za kurudia kwake. Njia ya kwenda na ya kurudi si lazima zifanane. Kwa hiari namba 131 fundi wa London aliweza kuiambia pakiti yake ipite kwanza kwenye ruta ya Chicago, ndipo iendelee, na kwa njia hiyo akaiona dunia kama inavyoonekana kutoka Chicago bila kupanda ndege. Katika miaka ya 1990 wahandisi wa makampuni ya intaneti waliitumia sana kuchunguza hitilafu, na pia, tusifichane, kuchunguzana wao kwa wao, nani anampitishia mwenzake mzigo asiopatana naye.

Sasa tuje kwenye ubaya wake. Aprili 1989 mtafiti wa AT&T Bell Laboratories, Steven Bellovin, alichapisha makala iliyoorodhesha matundu ya usalama katika itifaki za intaneti, na hiari hii ilikuwamo. Ili kuelewa alichokiona, kumbuka kwamba zamani kompyuta nyingi ziliaminiana kwa anwani tu. Kompyuta ya ofisi iliiruhusu kompyuta ya jirani kuingia bila neno la siri, kwa sababu ilizijua namba zake. Mwizi anaweza kughushi anwani hiyo katika bahasha, hilo ni jambo rahisi. Kinachomkwamisha ni majibu: yanakwenda kwa mwenye anwani halisi, na mwizi habaki na kitu. Lakini iwapo pakiti imekuja na orodha ya vituo, mpokeaji huigeuza orodha hiyo na kurudisha majibu kwa njia ileile iliyoleta pakiti. Basi mwizi anachofanya ni kujiandika mwenyewe kama kituo kimojawapo. Majibu yanapita mlangoni kwake kabla ya kumfikia mtu yeyote, naye anaendelea na mazungumzo kana kwamba yeye ndiye jirani anayeaminiwa.

La kustaajabisha ni kwamba miezi sita baada ya makala hiyo, Oktoba 1989, ulitoka waraka wa kanuni za kompyuta zinazounganishwa na intaneti, namba 1122, nao uliagiza kompyuta inayopokea mawasiliano ya namna hiyo iihifadhi njia ya kurudia na kuitumia kwa mazungumzo yote. Yaani tundu lililokuwa limeonyeshwa Aprili lilifanywa sharti mwezi Oktoba. Sisemi kwamba waandishi wa kanuni walikuwa wazembe. Walikuwa wanatunga sheria za mtaa ambao wakazi wake wengi walikuwa wanafahamiana, vyuo na maabara, na mtaa wa namna hiyo haufungi milango mchana.

Lakini Juni 1995 mtaa ulikuwa umekwisha kuwa jiji. Mwezi huo ukatolewa waraka namba 1812, kanuni kuu za ruta zote, uliohaririwa na Fred Baker wa kampuni ya Cisco. Kuhusu hiari hizi waraka ulisema mambo matatu. Kwamba ruta lazima iwe na uwezo wa kuzitekeleza. Kwamba mtengenezaji anaweza, akipenda, kuweka swichi ya kumwezesha mwenye ruta kuzikataa pakiti za namna hiyo. Na kwamba swichi hiyo ya kukataa haitakiwi kuwa imewashwa ruta inapotoka kiwandani.

Hilo la tatu, ndugu msikilizaji, ndilo lililoamua kila kitu. Sehemu kubwa ya watu wanaonunua ruta huichomeka kwenye umeme, huona taa zinawaka, na hawaigusi tena hadi iungue. Wakati ule fundi aliyejua kwamba kuna swichi ya kuzima alikuwa anaizima kwa mstari mmoja tu wa amri. Katika ruta za Cisco, ambazo zilikuja na hiari hiyo ikiwa wazi, mstari huo ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa katika vijitabu vya kuimarisha ulinzi. Asiyejua aliendelea na hali aliyoikuta kwenye boksi. Na asiyejua alikuwa ni shule, zahanati, ofisi ya wilaya, duka la vifaa vya ujenzi.

Hapa naomba nitoke nje ya historia kidogo, kwa sababu neno moja linatakiwa kufafanuliwa, nalo ni lile ambalo wauzaji hulipenda: ruta hii "inakubali" jambo fulani.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja niliyokuwa nikifanya kazi ilitaka ruta mpya. Tulikuwa na njia mbili za kwenda nje, moja nzuri ya gharama kubwa na nyingine ya bei nafuu lakini ya kusuasua. Mahitaji yetu yalikuwa mepesi kuyaeleza: sauti inayotoka studio ipite njia nzuri, na barua za ofisi na mambo mengine yapite ile ya bei nafuu. Kwa lugha ya mafundi, tulitaka ruta inayochagua njia kwa kutazama nani anayetuma, tofauti na ruta ya kawaida inayotazama mpokeaji peke yake. Wauzaji watatu walileta vipeperushi, na vyote vitatu vilikuwa na alama ya vema kwenye mstari huo. Kamati ikaona kwamba kwa kuwa wote wana vema, tofauti iliyobaki ni bei. Ikanunuliwa ile ya bei ya chini.

Siku hiari ile ilipowashwa, sauti ya studio ikaanza kukatikakatika kama redio ya betri iliyochoka. Tukadhani ni njia, tukadhani ni mvua. Fundi kijana aliyekuwa akitusaidia alikaa na mtambo ule hadi usiku ndipo akapata sababu, na maelezo yake sijayasahau hadi leo.

Ndani ya ruta kuna wafanyakazi wa aina mbili. Kuna chipu maalumu zilizotengenezwa kwa kazi moja tu, kusoma anwani ya mpokeaji na kusukuma pakiti, nazo hufanya hivyo kwa kasi kubwa mno. Halafu kuna prosesa kuu, ambayo ina akili zaidi lakini ni ya polepole, na ina kazi nyingine za kutunza daftari la njia na kuzungumza na ruta za jirani. Pakiti ya kawaida haimsumbui huyu mkubwa. Inapita kwa chipu na kwenda zake. Pakiti yenye jambo lisilo la kawaida, ambalo chipu haikufundishwa, hupelekwa kwake kwa mkono. Zikiwa chache, hakuna anayeona tofauti. Zikiwa nyingi, mkubwa anazidiwa, foleni inakuwa ndefu na pakiti zinamwagwa. Ruta yetu ilikuwa inapeleka kila pakiti ya studio kwa prosesa kuu. Muuzaji hakusema uongo. Hiari ilikuwamo.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuisoma ile alama ya vema kwa mashaka. Inaweza kuwa na maana kwamba hiari imeandikwa ndani ya programu. Haisemi kama imewashwa au imezimwa kutoka kiwandani. Haisemi kama inabebwa na chipu au na prosesa. Na mara nyingine haisemi kwamba ili uitumie unatakiwa kununua leseni ya pembeni, ambayo bei yake utaambiwa ukishalipia boksi. Mambo manne tofauti, alama moja.

Na hili la prosesa kuu ndilo lililoimaliza hiari ya 1981, pengine kuliko hata hofu ya wezi. Pakiti yenye hiari katika bahasha yake, hata iwe ya mtu mwema kabisa, inatakiwa kusomwa kwa makini: urefu wa bahasha umebadilika, orodha ina kituo kinachofuata, anwani inabidi ibadilishwe kabla ya kusonga. Ni kazi ya mkubwa. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuiba chochote. Anamwaga tu pakiti nyingi zenye hiari na kuichosha ruta mpaka isahau kazi yake ya daftari. Wenye mitandao walipoliona hilo, wakaanza kufunga mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, bila mkutano wala tangazo.

Matokeo yake yalipimwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Walituma pakiti zenye hiari katika sehemu mbalimbali za dunia na kukuta kwamba karibu nusu ya njia walizozijaribu zinazitupa. Aidha, waliotupa hawakuwa sana wale wakubwa wa katikati. Walikuwa zaidi kwenye kingo, karibu na wanaotuma na wanaopokea. Kitu kinachofika nusu ya safari hakina faida kwa yeyote anayetaka kukitegemea, na asiyekitegemea halalamiki kikifungwa. Hatimaye Februari 2014 ukatoka waraka namba 7126, ukapendekeza kwamba pakiti zenye hiari namba 131 na 137 zitupwe, na kwamba hiyo ndiyo iwe hali ya kiwandani. Kutoka 1995 hadi 2014 ni miaka 19 ya kuigeuza swichi moja upande wa pili katika karatasi.

Si kila mara mambo huchukua muda mrefu hivyo. Waraka uleule wa 1995 uliagiza ruta zitoke kiwandani zikiwa tayari kupokea pakiti moja iliyotumwa kwa mtaa mzima kutoka nje na kuigawa kwa kila nyumba. Ikapatikana mbinu ya kutuma pakiti hiyo kwa jina la kughushi: mtaa mzima unajibu kwa pamoja, na majibu yote yanamwangukia yule ambaye jina lake limeghushiwa. Tahadhari ya hadhara ilitolewa Marekani Januari 1998. Wenye jina walikuwa wanazama chini ya mafuriko ya majibu ambayo hawakuyaomba, na wenye mitaa hawakujua kwamba wanatumiwa. Agosti 1999 kanuni ikageuzwa kwa waraka namba 2644, swichi ikatakiwa kutoka kiwandani ikiwa imezimwa, na Cisco ikawa inaizima kuanzia toleo la 12.0 la programu yake. Miaka minne tu. Tofauti ni kwamba safari hii waliokuwa wanaumia walikuwa na sauti, kwa sababu mitandao mizima ilikuwa inalala chini mchana kweupe. Huo ni mtazamo wangu, lakini sioni maelezo mengine.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo wahandisi wasingerudia. Hata hivyo walirudia. Walipoandika kizazi kipya cha itifaki, kile kiitwacho IPv6, ambacho kanuni yake ya Desemba 1998 ndiyo iliyotumika kwa miaka mingi, waliirudisha hiari ya njia ya mtumaji na kuifanya sehemu ya lazima ya kila kifaa kinachotekeleza kanuni hiyo kikamilifu. Tena safari hii bahasha haikuwa na kikomo cha baiti 40. Katika pakiti moja ya ukubwa wa kawaida zilienea anwani zaidi ya 80. Na baadhi ya watengenezaji waliitii kanuni kwa uaminifu mkubwa kiasi kwamba si ruta tu, hata kompyuta za mezani zilikuwa tayari kupokea pakiti ya mtu baki na kuisukuma kwenye kituo kinachofuata.

Mwezi Aprili 2007, katika mkutano wa usalama wa kompyuta mjini Vancouver, Kanada, watafiti wawili, Philippe Biondi na Arnaud Ebalard, walionyesha kinachoweza kufanywa. Unaandika ruta mbili zilizo mbali, kisha unazirudia: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili, mpaka orodha ijae. Pakiti moja inakwenda na kurudi kati yake makumi ya mara, kama mpira, na njia iliyo katikati inajaa mzigo ambao wewe uliulipia mara moja tu. Desemba ya mwaka huohuo waraka namba 5095 ukaifuta kabisa hiari hiyo. Wachache walioihitaji kwa kupima mitandao walinung'unika, na nadhani walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini hakuna aliyeweza kueleza jinsi ya kumwachia fundi kalamu bila kumwachia na mwizi.

Jibu lililopatikana baadaye ni kubadilisha mwenye kalamu. Machi 2020 ilitolewa kanuni mpya, waraka namba 8754, ambayo inarudisha orodha ya vituo ndani ya bahasha ya IPv6. Ukiisoma haraka utadhani ni kile kitu cha 1998 kimefufuka. Safari hii, hata hivyo, anayeandika orodha ni kampuni yenye mtandao, pakiti inapovuka mlango wake wa kuingilia, na vituo vyote viko ndani ya himaya yake. Kampuni inatakiwa kuweka walinzi mipakani ili pakiti inayotoka nje ikiwa imejiandikia vituo vya ndani isipite. Kampuni ya simu inaweza kuamua kwamba sauti za hospitali zipite huku na sinema zipite kule. Mteja wake hawezi. Huyo mfanyabiashara wa Kariakoo, kwa hiyo, akitaka pakiti zake zipite njia fulani hana budi kuzungumza na kampuni inayomuuzia huduma, au awe na kampuni mbili, alipe mara mbili, na aweke ruta yenye uwezo wa kuchagua kati yao. Ndivyo hoteli na benki nyingi zinavyofanya.

Na hata kanuni hii mpya imekuja na mchezo wa vema. Chipu hazilingani. Moja inaweza kusoma na kuandika orodha ndefu kwa kasi kamili, nyingine inaishia vituo vichache na vinavyozidi hapo haviwezi. Tofauti hizo ni kubwa kiasi kwamba tangu mwaka 2018 zimewekwa kanuni za kuwezesha ruta kutangaziana zenyewe kina cha orodha ambacho kila moja inakimudu, maana kuitumia ruta orodha inayozidi uwezo wake ni kuipoteza pakiti. Kipeperushi kitasema tu kwamba inakubali.

Kwa hiyo anayekwenda kununua na aulize kwa maandishi, kabla ya kusaini. Hiari hii ikiwa inatumika, inabebwa na chipu au na prosesa kuu? Inapitisha kiasi gani cha mzigo ikiwa imewashwa, si ikiwa imezimwa? Inahitaji leseni? Ruta ikitoka kwenye boksi, ni hiari zipi ziko wazi na zipi zimefungwa? Orodha hiyo ya mwisho imo katika vitabu vya watengenezaji wengi, lakini muuzaji wa dukani mara nyingi hajaifungua. Asiyeweza kuitoa na apewe siku mbili akaitafute. Aliye makini atairudisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu hivyo hulitaja kwa ufupi na ambalo kwetu sisi ni kubwa. Katika ruta nyingi za ofisini, amri unayoiandika hufanya kazi hapohapo, lakini huwa katika kumbukumbu ya muda. Isipohifadhiwa kwa amri nyingine, umeme ukikatika na kurudi, ruta inaamka na mpangilio wa zamani, na kila ulichokifunga kiko wazi tena. Vilevile kuna kile kitundu kidogo cha nyuma, ambacho fundi wa haraka hukichokoa kwa pini pale mwenye ofisi anaposahau neno la siri. Ruta inarudi kama ilivyotoka kiwandani, intaneti inafanya kazi, fundi analipwa na kuondoka. Kama ruta ni ya zamani, iliyotengenezwa wakati kanuni ya 1995 bado inatawala, hiari namba 131 nayo imerudi kazini.